UZI: Mimi na waifu tulienda Barbados siku nane, hatukumfuata mtu, tulienda kupumzika tu (gharama zote ndani)

MwanaPwani_Houston (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Huu uzi nimeuandika nikaufuta kama mara tatu hivi, maana najua wapo watakaouliza hela hiyo kwanini usipeleke nyumbani, na mimi mwenyewe hilo swali nimelala nalo sana kwahiyo nitalijibu humu humu. Ni mrefu, nitaushusha kwa vipande, mwenye haraka asubiri kipande cha gharama.

Kuhusu sisi kwa kifupi, mimi ni wa Tanga, waifu ni wa Mwanza, tuko Houston mwaka wa kumi na moja huu, watoto wawili. Mimi napiga shifti ya usiku kwenye ghala la mizigo, yeye anahudumia wazee kwenye makao ya wazee, shifti ya asubuhi. Yani mimi ndio naingia yeye ndio anatoka, tunapishana mlangoni, ananipokea funguo ya gari ikiwa bado na joto la mkono wangu, na mazungumzo yetu yote ya siku ni "mdogo kakohoa usiku, dawa nimempa" au "ile bili ya maji nishalipa". Tumeishi hivyo miaka na miaka.

Na likizo zetu zote zimekuwa za kwenda nyumbani. Wenzangu wa ughaibuni mnaijua hiyo likizo. Mabegi manane ya kilo 23, ndani ya wiki tatu uende Tanga, uende Mwanza, harusi mbili, hitma moja, mgonjwa wa kupeleka Dar, kiwanja kimevamiwa, na kila jioni kuna mgeni sebuleni anakusubiri. Unarudi Jumapili umechoka kuliko ulivyoondoka na Jumatatu uko kazini. Sijutii hata safari moja, mzazi ni mzazi. Ila safari moja tukiwa tunarudi, tumekaa uwanja wa ndege watoto wamelala juu ya mabegi, waifu akaniuliza, baba watoto, hivi mimi na wewe ni lini tumekaa tukanyamaza bila mtu kutuita?

Nilitafuta jibu mkuu, sikulipata.

Basi Novemba mwaka jana watoto tukawaacha kwa shemeji yangu anayeishi Dallas, tukapanda ndege Houston mpaka Miami, Miami mpaka Barbados. Naendelea.

Kahawa_Chungu

Nimeweka kambi mkuu. Hiyo ya kupokezana funguo mlangoni umenigusa pabaya, sisi tuko Minnesota mwaka wa sita hivyo hivyo.

Fundi_Nondo

Mkuu nakuheshimu sana ila ngoja niseme mapema. Mimi niko Morogoro, kaka yangu yuko huko huko Marekani. Hela ya wiki moja ya kuangalia maji huku ni msingi wa nyumba na renta juu. Na bahari ipo Tanga, ipo Bagamoyo, ipo Pangani. Sioni sababu ya mtu wa pwani kulipa kwenda kuona pwani. Nisamehe kama nimekukwaza.

MwanaPwani_Houston

Fundi hujanikwaza kaka, hilo swali lako ni halali na nitalijibu kwa uzito wake, nipe nafasi nifike.

KWANINI BARBADOS. Kule Karibi visiwa ni vingi, nilisoma wiki nyingi. Msimu wa vimbunga unaanza Juni unaisha Novemba, na Barbados imekaa pembeni kabisa mashariki, iko nje kidogo ya mstari wa visiwa vingine, vimbunga vingi vinapita kaskazini yake. Sio kwamba haiguswi kabisa, kimbunga Beryl cha Julai 2024 kilipita kusini tu ya kisiwa na bado mawimbi yake yalivunja vunja boti za wavuvi. Ila mwishoni mwa Novemba hatari imepungua sana na bei bado ni za chini, maana ikifika katikati ya Disemba mpaka Aprili Wazungu wanakimbia baridi na bei zinapanda hadi unaogopa kuuliza.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, urefu kama kilomita 34, upana kama 23, Unguja ni kubwa kuliko hicho mara tatu na zaidi. Pasipoti zetu ni za Tanzania, pale uhamiaji hatukudaiwa viza, tuligongewa muhuri tukakaribishwa. Fomu ya kuingia unaijaza mtandaoni kabla hujasafiri. Ila wewe uliye Dar jua kwamba ukipitia Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja wa ndege unatakiwa uwe na viza ya Marekani, usije ukakata tiketi kwa furaha ukarudishwa kaunta.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia ila nilikisoma usiku wa kufunga mabegi, nguo za mabaka mabaka kama za jeshi ni marufuku kwa raia, hata kofia, hata ya mtoto. Nilikuwa na kaptula moja ya hivyo naipenda sana, nikaitoa.

Sasa hela. Dola yao mbili ni dola moja ya Marekani, haipandi haishuki, iko hivyo tangu 1975, na dola ya Marekani wanaipokea kila mahali. Uzuri huo ndio mtego wenyewe. Dereva wa teksi uwanja wa ndege nilimuuliza bei, akasema arobaini na tano, nikatoa arobaini na tano za Marekani, akazikunja akaweka mfukoni akatuaga vizuri tu. Kesho yake mwenye gesti ndio ananiambia ilikuwa arobaini na tano za kwao. Iliniuma, sio kwa kiasi, iliniuma maana alikuwa mtu mzima kama baba yangu na nilimwita mzee njia nzima. Kwahiyo kila ukitajiwa bei uliza dola ipi, hata kwenye madafu.

Msafiri254

Sasa mzee wangu wa Houston. Mimi ni nesi niko London, tulienda Barbados na bwanangu miaka miwili iliyopita, kutoka huku kuna ndege ya moja kwa moja, ni kama masaa nane na nusu hivi. Hiyo ya dola ipi ni kweli kabisa, sisi walitufanyia kwa viti vya ufuoni. Waambie watu pia kuhusu ile miti yenye alama nyekundu. Endelea bana, tuko hapa.

MwanaPwani_Houston

Asante dada, miti nakuja nayo.

Tulifikia gesti ndogo eneo la Worthing, pwani ya kusini, chumba na jiko na kibaraza, dakika tatu kwa miguu mpaka baharini. Hoteli kubwa za kula na kunywa kila kitu ndani tuliziacha kwa makusudi, waifu alisema sitaki kufungiwa.

Usiku wa kwanza mwili ulikataa kulala. Miaka yote usiku ndio kazi kwahiyo macho yako wazi kama taa. Nikatoka kibarazani. Kuna vyura kule, vidogo kama ukucha wa kidole gumba, ila vinapiga mluzi, sio kukoroma kama vyura vyetu, mluzi kabisa, maelfu, usiku kucha. Nikakaa nasikiliza. Saa kumi na moja alfajiri nasikia mlango, waifu naye kaamka, kaamshwa na mwili wake ule wa kuwahi kazini, kasimama pale na taulo begani hajui aende wapi. Nikamsogezea kiti. Hakuna aliyesema kitu. Tulikaa mpaka kukapambazuka vyura vikanyamaza kimoja kimoja na kuku wa jirani wakaanza.

Huku saa kumi na moja alfajiri nyumbani ni saa sita mchana, kwahiyo nikampigia mama Tanga. Nikamwambia mama tuko kisiwa kinaitwa Barbados. Akaniuliza kuna msiba huko? Nikamwambia hapana mama. Mmemfuata nani basi? Nikamwambia hatujamfuata mtu, tumekuja kupumzika. Kimya. Wakuu kile kimya cha mama kilinikalia kifuani, nikaanza kujitetea, ooh tiketi zilikuwa za bei rahisi, ooh ni siku chache. Akanikatiza. Akasema, mwanangu, baba yako alifanya kazi katani miaka ishirini na tisa na sikuwahi kumuona kakaa mchana. Haya kaeni. Na huyo mkamwana wangu umkunie nazi umpikie wewe, asipike yeye.

Nikamwambia sawa mama. Na nilipika, nazi ziko tele.

Kahawa_Chungu

Mama anaishi miaka mingi huyo.

Fundi_Nondo

Hapo kwa mama umenigusa. Bado nasubiri jibu langu lakini.

MwanaPwani_Houston

BAHARI YENYEWE. Fundi hili ni nusu ya jibu lako, uliuliza mtu wa pwani anaenda kuona nini.

Asubuhi ya kwanza nimeshuka baharini kama saa mbili hivi, maji ya rangi ya samawati ile ya kung'aa, nikasema moyoni ngoja yapwe nitembee mpaka mwambani kama tulivyokuwa tunafanya utotoni. Nikakaa chini ya mkungu, ndio, mikungu ile ile ya kwetu imejaa fukweni. Saa nne, maji yako pale pale. Saa sita, pale pale. Nikamfuata jamaa anayeuza madafu nikamuuliza maji yanapwa saa ngapi, hakunielewa, nikamuonyesha kwa mkono, yanarudi nyuma. Akacheka akaniambia ndugu yangu bahari hii haiendi popote.

Na ni kweli. Kwetu bamvua likija, yani yale maji makuu, maji yanapanda na kushuka mpaka mita nne, Paje na Jambiani kule Unguja unatembea nusu saa ndio uyakute. Bahari ya Karibi kupwa kwake mara nyingi hakufiki hata mita moja. Kwahiyo pale muda wowote unaotaka kuogelea unaogelea, hupangiwi na mwezi. Mimi niliyekulia kwenye kuhesabu kupwa na kujaa ilinichukua siku mbili kuzoea kwamba sina haja ya kuangalia saa. Sasa fikiria mtu ambaye maisha yake yote ni kupiga kadi ya kuingia na kutoka kazini, umemweka mbele ya maji ambayo hayana zamu.

Fukwe zote ni za umma, hata pale mbele ya hoteli ambayo usiku mmoja ni mshahara wangu wa wiki unaweka taulo lako mchangani na hakuna askari wa kukufukuza. Ufukwe wa karibu na sisi unaitwa Accra, jina kama la Accra ya Ghana. Jioni wenyeji wanashuka na bibi zao na watoto, wazee wanasimama kwenye maji ya kifua wanapiga stori kama wako baraza ya kahawa, masaa.

MITI SASA. Kuna mti unaitwa manchineel, unaota fukweni, matunda yake ni kama tufaha dogo la kijani na yananukia vizuri. Usiguse, usile, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake, maji yanayodondoka kutoka kwenye majani yanababua ngozi. Shina mara nyingi limepakwa rangi nyekundu. Mkiwa na watoto waonyesheni siku ya kwanza kabisa.

Mapungufu yapo pia. Kiyoyozi kilikufa siku ya tatu, fundi wa "anakuja" hakuja mpaka tunaondoka, mwenye gesti katupunguzia kidogo. Upepo wa mashariki unavuma muda wote kwahiyo tulifungua madirisha maisha yakaendelea. Mwani wa kahawia unaojazana fukwe za kule miezi ya katikati ya mwaka sisi hatukuukuta mwingi.

Mke_wa_Pili_wa_Bahari (mwanachama mpya)

Habari zenu wote, shikamooni wakubwa. Mimi ndio waifu mwenyewe ninayesemwa humu, nimejiunga leo maana kuna kitu mume wangu amekiruka na najua kwanini amekiruka, ananistahi. Nakisema mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa ziwani lakini maji nilikuwa siyaingii zaidi ya magoti. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 nikiwa darasa la tatu. Mtaa wetu ulikuwa na misiba mitatu kwa mpigo, turubai mpaka turubai, na mmoja alikuwa rafiki yangu wa kukaa dawati moja. Tangu hapo maji kwangu ni ya kunawa na kupikia. Miaka kumi na tatu ya ndoa na mtu wa Tanga sijawahi kuingia naye baharini, na hajawahi kunilazimisha hata siku moja, hilo namshukuru.

Siku ya nne tulienda ghuba ya Carlisle pale mjini Bridgetown. Maji yametulia kama yako kwenye beseni, unaona mpaka vidole vyako vya miguu. Nimekaa ukingoni naangalia mama mmoja wa pale, mtu mzima sana, kalala juu ya maji kafumba macho, mikono kaitanua, hafanyi chochote. Nikamwambia mume wangu nataka kile anachofanya yule bibi. Hakuuliza kitu. Tukaingia mpaka kiunoni, akaweka kiganja kimoja chini ya mgongo wangu na kingine kisogoni, akaniambia acha shingo. Nikawa siachi. Naiona anga, nasikia masikio yanajaa maji, moyo unapiga, nimemng'ang'ania bega mpaka nimemkwaruza. Acha shingo mama, nimekushika. Sijui ni dakika ngapi. Nikaacha. Na maji yakanibeba jamani. Nilikuwa nawaza nitashuka, sikushuka. Kiganja chake nikawa nakisikia kidogo, alafu kidogo zaidi, alafu sikisikii, nikafumbua macho nikamuona yuko hatua mbili mbali mikono kaiinua juu kunionyesha haipo.

Nililia humo humo majini na hakuna aliyejua maana uso wote ni maji. Nilimuwaza rafiki yangu wa dawati. Nilitamani na yeye yale maji yangembeba.

Kwahiyo wewe kaka Fundi wa Morogoro, nakuelewa kabisa, ila msingi wa nyumba usingenipa hicho.

Msafiri254

Mama, nimesoma hii nikiwa kwa zamu na imenibidi niende nje kwanza. Pole sana kwa rafiki yako.

Kahawa_Chungu

Dada asante kwa kuandika. Sina maneno.

MwanaPwani_Houston

Kweli nilikiruka, kilikuwa cha kwake. Asante mama watoto.

Fundi jibu lako sasa. Nyumba ya mama imeisha 2019, ya wakwe imeezekwa, wadogo wawili wamesoma. Hizi hela hazikutoka kwenye fungu la mtu, tuliweka dola mia moja kila mwezi miaka miwili, kwenye ovataimu. Na kilichotufanya tuanze kuweka ni kwamba waifu alianguka kazini, koridoni, kabeba shuka za mgonjwa. Presha. Daktari akamuuliza unalala masaa mangapi, akajibu manne, akamuuliza mara ya mwisho umepumzika lini, akaanza kumtajia safari ya nyumbani, ile ya harusi mbili na hitma. Daktari akaandika. Mimi nimekaa pembeni naangalia anachoandika, nikaona hapa nimepewa onyo. Tuna watoto wawili kaka. Wote tunaotuma hela nyumbani tunatuma kwa miili hii hii.

Fundi_Nondo

Mkuu na shemeji, nimesoma vyote. Sijabadilika mawazo yote, kwangu nyumba inatangulia, ila nimemuwaza kaka yangu. Tangu baba afariki 2020 kila nikimpigia ni mahitaji tu. Sijawahi kumuuliza analala masaa mangapi. Leo jioni nampigia.

MwanaPwani_Houston

Mpigie. Usitaje hela kwenye simu hiyo.

CHAKULA, hapa mniruhusu nikae kidogo. Chakula chao cha taifa kinaitwa cou-cou na samaki warukao, wale wenye mabawa ambao wazee wa pwani wanawaita panzi. Tumeingia kigenge kimoja Bridgetown, jiko liko wazi unamuona mpishi. Kachemsha bamia, maji ya bamia kayachuja pembeni, kachukua unga wa mahindi wa njano ulioloweshwa, anamimina yale maji ya utelezi kidogo kidogo na anakoroga kwa mwiko bapa wa mbao. Waifu kaninong'oneza, huyu si anasonga ugali? Yule mama mpishi akamuona anavyoangalia mkono wake, akamuuliza kwenu mnapika hiki? Akamwambia kwetu tunapika kila siku ila bamia tunaweka pembeni. Yule mama akamsogezea mwiko. Waifu kashika sufuria kwa kitambaa, kageuza kwa ule msuli wa Kanda ya Ziwa, mama akaanza kupiga kelele polepole polepole utaufanya mgumu, wao wanautaka laini unaotikisika. Alafu mama anachukua bakuli kalipaka siagi, anatia donge ndani anazungusha bakuli hewani mpaka linakuwa duara safi, analigeuza juu ya sahani, katikati anabonyeza shimo, anamimina mchuzi wa nyanya na vitunguu na majani ya thaimu, samaki juu. Hatukutegemewa kula kwa mkono, tulipewa uma, ila mama alipoona tunanawa akacheka akasema kuleni mnavyokula.

Shelisheli wanachoma kama Zanzibar. Novemba ni mwezi wa uhuru wao, kwahiyo kila kona kuna conkies, unga wa mahindi na nazi na boga na viazi vitamu, vinafungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, waifu alikula mpaka nikamhesabia. Walipata uhuru tarehe 30 Novemba 1966 na tarehe hiyo hiyo 2021 wakawa jamhuri, wakaacha kuwa chini ya Malkia. Mji ulikuwa umewashwa taa za bluu na njano usiku.

Ijumaa jioni nendeni Oistins, soko la samaki linageuka uwanja wa kula, moshi na muziki na wazee wanacheza dansi la zamani kwa adabu kabisa. Mkiona kwenye menyu jina la pomboo msiogope, ni faulusi, samaki wa kawaida. Kwa Waislamu wenzangu, Jumamosi kuna kitu wanakipenda kinaitwa pudding na souse, hicho ni nguruwe, msije mkaagiza kwa jina.

USAFIRI. Kuna vipanya vyeupe vyenye mstari wa damu ya mzee, namba zinaanza na ZR, hizo ni daladala kwa roho na mwili, muziki mpaka kioo kinatetemeka na konda anakupanga mpaka unakaa na nusu ya jirani. Tulilipa dola tatu na nusu za kwao popote tulipoenda. Gari zinapita kushoto kama kwetu. Na ukipanda salimia. Watu wanaingia na salamu ya asubuhi kwa gari zima na gari zima linaitikia, ukikaa kimya wanakuona hujafunzwa. Hapo ndipo tulipojisikia nyumbani kuliko kote, kule Houston unapanda basi mwaka mzima hakuna anayekujua.

Siku ya sita tulipanda basi la bluu la serikali mpaka Bathsheba, pwani ya mashariki. Ile sio bahari ya kuogelea, ni Atlantiki yenyewe, mawimbi yanapiga majabali makubwa yaliyosimama majini kama uyoga. Njiani unaona nyumba ndogo za mbao zimekaa juu ya mawe tu, hazina msingi. Nikamuuliza mzee wa pembeni yangu, akaniambia watumwa walipoachiwa huru miaka ya 1830 ardhi yote ilibaki ya wenye mashamba ya miwa, kwahiyo mtu alijenga nyumba ambayo akifukuzwa anaibomoa mbao mbao anaipakia kwenye mkokoteni anahama nayo.

Tumekaa Bathsheba juu ya majani tunakula mikate ya samaki. Ukinyoosha mstari mashariki kutoka kisiwa kile unatua Gambia, hakuna nchi katikati. Waifu alikuwa ameshasoma habari za kaburi la watumwa la Newton, ambapo wataalamu walichimba miaka ya 1970 wakakuta mzee mmoja amezikwa na mkufu wake wa kauri na shanga. Kauri, zile zile tulizokuwa tunaokota mchangani Tanga tukiwa watoto. Hatukuzungumza sana hapo. Waifu alisema tu, huyu alikuwa na watu waliompenda, wamemvalisha.

Na Queen's Park pale mjini kuna mbuyu. Mbuyu kabisa, mnene wa kuzungukwa na watu kumi na kitu wakishikana mikono. Tulienda siku ya mwisho kuuaga.

GHARAMA, wale wa haraka. Dola za Marekani, watu wawili:
tiketi 1,040
gesti usiku saba 735, ilishuka kidogo kwa ajili ya kiyoyozi
chakula na mabasi kama 520
boti ya kwenda kuona kasa na meli zilizozama Carlisle 90
teksi, ile ya machungu pamoja na ya kurudi, 70
Jumla ni kama 2,450. Likizo ya nyumbani sisi wanne tiketi peke yake ni zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Msafiri254

Niongeze tu kwa kasa, msiwaguse na msipake mafuta ya jua yale mazito mkiingia, vaeni fulana ya mikono mirefu ya kuogelea. Sisi watu weusi pia jua la huko linachoma, bwanangu alibanduka ngozi ya mabega.

Kahawa_Chungu

Mkuu swali, mmerudi Houston, shifti ni zile zile. Imebadilika nini? Nauliza kwa dhati maana na mimi nataka kumpeleka mke wangu.

MwanaPwani_Houston

Shifti ni zile zile mkuu, siwezi kukudanganya. Ila Alhamisi yeye kaomba achelewe kuingia kazini kwa saa nzima, nikirudi namkuta kwenye maegesho, kaja na chupa ya chai ya tangawizi na maandazi mawili, anaingia kwenye gari tunakaa humo nusu saa vioo vimeziba kwa mvuke. Simu tunaziacha ndani.

Na yeye kajiandikisha bwawa la manispaa, Jumamosi saa tatu. Wiki iliyopita kavuka upana wa bwawa bila kushika ukuta, mimi na watoto tulikuwa tumekaa kwenye benchi. Mdogo alisimama juu ya kiti.

Mwenye kutaka jina la gesti aje inboksi, ila kiyoyozi amuulize mwenyewe kwanza kama kimeshatengenezwa.